Dakika Ishirini na Tatu za Pakingi

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimecheka. Nakuandika, kicheko, ili nikuamini.

Nilimchukua Edie shuleni, tukavuka barabara na gari kwenda supamaketi kama kila Alhamisi. Maziwa, mkate, viazi, sabuni. Nilikuwa natoka mbio na toroli, nikasikia naitwa. Janine! Yule wa kaunta ya huduma kwa wateja, mama yake Robyn anayesoma darasa moja na Edie. Alikuwa amemaliza zamu, anavua beji.

"Heather, wewe kila wiki unapita hapa kama unafukuzwa. Njoo ukae. Chai nanunua mimi."

Kama unafukuzwa! Nikakaa.

Watoto wakala chipsi na maharage kwenye mkahawa wa mlemle ndani. Janine ana mdomo, jamani. Akasimulia mteja aliyerudisha kuku wa kuoka, mifupa mitupu kwenye mfuko, eti hakuwa na ladha, arudishiwe hela yake. "Nikamwuliza, baba, uligundua ulipofika paja la pili?" Chai ikanitoka puani. Edie akaniangalia kama hanijui sura. Na kweli, tangu tuje mji huu wa Workington mwezi wa tano, na mabegi mawili na mtoto kalala kiti cha nyuma, sijui kama ameniona hivyo.

Tulitoka giza limeshaingia, fataki za sherehe ya jana bado zinapasuka huku na huku, Edie kaziba masikio. Hapo ndipo nikaona lile bango la njano. Mwisho dakika tisini. Ukizidisha, faini. Kamera inasoma namba ya gari ukiingia na ukitoka. Niliingia saa tisa na nusu. Saa ya gari inasema kumi na moja na dakika ishirini na tatu.

Dakika ishirini na tatu! Bei ya shosti. Nimekubali.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike taratibu.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba cha kufulia. Mimi na mwenzangu Pauline tunakunja mashuka ya wazee, yeye ncha zile, mimi ncha hizi. Nikamsimulia habari ya pakingi kama kichekesho. Nikasema, mbona hata karatasi hawakuniwekea kwenye kioo, labda wamenisamehe.

Pauline akacheka. Hawaweki karatasi siku hizi, kipenzi. Barua itakuja nyumbani.

Nyumbani kwangu watapajuaje?

Akanitazama kama mtoto. Wanachukua namba ya gari, wanapeleka ofisi ya usajili wa magari, wanalipa ada kidogo, wanapewa jina na anwani. Ni halali kabisa. Shemeji yake ilimkuta hivyohivyo pale hospitali.

"Jina la nani?" nikauliza. Nilijua. Niliuliza tu.

"La mwenye kadi ya gari, nani mwingine?"

Shuka likaniponyoka.

Kadi ya gari ina jina la mume wangu, Stuart. Gari nililinunua mimi, kwa mshahara wangu, lakini makaratasi yote ya nyumba alikuwa anayajaza yeye. "Wewe utakosea tu, Heather." Basi akaandika jina lake. Anwani ya nyumba yetu ya Ipswich. Nilipoondoka kadi ilibaki kwenye droo yake. Niliwahi kuwauliza wale akina mama wa simu ya msaada kwa wanawake wanaokimbia waume: je, nikibadilisha? Wakasema ofisi itamwandikia yeye kwanza. Nikasema basi, liache lilale. Kodi ya barabara iko hadi Januari, nitaamka nalo Januari.

Miezi sita! Namba mpya ya simu. Barua za benki nimezisimamisha. Mama yangu mzazi hajui mji tulipo — anajua "kaskazini" tu, na analia kila nikimpigia. Edie hayumo hata kwenye picha ya darasa. Na sasa mashine itampelekea Stuart, mlangoni, ndani ya bahasha: mji, duka, siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Na picha ya gari letu!

Kwa sababu nilikunywa chai.

Jumamosi, 8 Novemba

Tovuti ya kampuni ya pakingi inataka vitu viwili. Namba ya gari. Namba ya kumbukumbu.

Namba ya kumbukumbu iko kwenye barua.

Simu: sauti ya mashine. Wanafungua Jumatatu.

Edie anataka kujua kwa nini sijamaliza uji wangu. Nimemwambia tumbo.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimewapigia mapumziko ya chai, nimejifungia kwenye kabati la mashuka. Kijana wa kiume, mpole mno. Nayaandika yote maana nikimsimulia mtu atadhani natunga.

Nikamwambia nilizidisha muda, kosa ni langu, nataka nilimalize leo hii, leo, kabla barua haijatoka.

"Hongera kwa uaminifu wako, mama. Naomba namba ya kumbukumbu."

"Sina. Barua haijafika."

"Iko kwenye barua."

"Najua. Barua inakwenda kwa nani?"

"Kwa mwenye gari aliyesajiliwa."

"Mwenye gari ndiye ninayemkimbia."

Nikasikia anapiga-piga vitufe.

"Nasikitika sana kusikia hivyo. Je, unaweza kumwomba akusomee ile namba?"

Jamani! Nilikaa chini kwenye mataulo.

Nikamwuliza basi aniambie tu kama wameshaomba anwani. Hawezi. Kwa nini hawezi? Kwa sababu mimi si mwenye gari. Wanalinda taarifa binafsi za mteja.

Taarifa za nani? Za Stuart! Stuart ndiye anayelindwa!

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Hapa hata ukichinjwa unasema asante na samahani kwa damu. Nikafuta uso kwa foronya ya Bwana Postlethwaite na kurudi kwenye mashine.

Jumanne, 11 Novemba

Zamu yangu ilianza mchana, asubuhi nikaenda supamaketi. Kwa miguu. Usiku kucha nilikuwa najipanga: nitamwambiaje Janine, nianzie wapi, yeye ananijua siku moja ya chai tu. Nikapiga moyo konde. Nikafika kaunta, hakuna foleni, ajabu. Janine kavaa ua lake jekundu la karatasi kifuani kama watu wote leo.

"Janine," nikasema, "kuna kitu—"

Kipaza sauti kikalia. Saa tano kamili. Wateja wapendwa, tutasimama kimya dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani.

Duka zima likaganda. Mikanda ya keshia ikasimama. Mzee mmoja akavua kofia, kashika kabichi. Na mimi neno liko mdomoni, limefika kwenye meno! Dakika mbili nimemtazama Janine machoni, na yeye ananitazama, na sijui uso wangu ulikuwa unasema nini maana uso wake ukaanza kubadilika. Alipeleka mkono polepole juu ya kaunta akaushika wangu. Sauti iliporudi, mimi nilikuwa tayari nalia.

Basi nikamwambia yote. Kidole alichonivunja Stuart pia, ambacho sijamwambia hata Pauline.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyekukalisha."

"Wewe ndiye uliyenichekesha. Usijilaumu."

Akasema duka linaweza kuomba faini ifutwe, meneja ana fomu yake kwenye kompyuta, anafanya hivyo kwa wazee kila wiki. Akaniacha pale, akaingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi. Nilimsikia kupitia mlango: si kesho, sasa hivi, nimesimama hapa.

Alirudi amekunja mikono. Imetumwa. Watajibu ndani ya siku chache.

Nikamwuliza alimwambia meneja sababu? Alimwambia mteja aliugua mkahawani. "Nikamwambia ni wale kamba wetu wa baharini aliokula. Akajaza haraka!"

Alhamisi, 13 Novemba

Leo hatukwenda dukani. Edie: "Lakini ni Alhamisi!" Ndiyo, ni Alhamisi, tunakula mayai.

Gari nimelificha nyuma ya nyumba ya wazee, kati ya mapipa ya taka na jenereta. Tunakwenda shule kwa miguu, mvua ya ubavuni, dakika thelathini na tano. Edie anadhani ni mashindano ya afya.

Ijumaa, 14 Novemba

IMEFUTWA!

Barua pepe imeingia kwa Janine, akanitumia picha ya skrini, nimeisoma nimesimama katikati ya ukumbi wa wazee wanaangalia mashindano ya vishale. Nilipiga kelele. Bibi Ivy akaniuliza nani kashinda. Nikasema mimi, Bibi Ivy, mimi nimeshinda! Akanipigia makofi.

Jioni tumekula samaki na chipsi za kwenye karatasi, siki tele. Edie amecheza juu ya sofa na soksi.

— Baadaye. Nimeisoma tena. Chini kabisa, maandishi madogo: "Barua yoyote iliyotumwa kabla ya tarehe hii na ipuuzwe."

Na ipuuzwe. Stuart hapuuzi hata risiti ya kinyozi.

Jumapili, 16 Novemba

Pengine haikutumwa. Lakini zilipita siku nane kabla faini haijafutwa. Pengine mashine huwa inachelewa. Pengine aliihama ile nyumba. Pengine, pengine. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Nimewapigia akina mama wa simu ya msaada. Aliyepokea hakunifariji na nilimpenda kwa hilo. Akasema nifanye kama barua imefika. Begi liwe tayari. Shule iambiwe upya. Polisi wa hapa wapewe jina lake.

Nikamwambia ameshafutiwa faini, labda atasahau. Akaniuliza, wewe unamjua, ni mtu wa kusahau?

Jumanne, 18 Novemba

Nimeongea na shule. Bi Braithwaite, karani wa pale ofisini, aliandika kila kitu kwa kalamu ya wino kwa mwandiko wa watu wa zamani. Mtoto hatoki na mtu yeyote ila mimi. Aliomba picha ya Stuart. Sina. Nilizifuta zote mwezi wa tano, nikajiona jasiri. Nikamweleza: mrefu, nywele zinaanza kupungua, mcheshi. Bi Braithwaite akainua kalamu. "Mcheshi?"

Mcheshi sana, nikasema. Kila mtu humpenda.

Siku kumi na mbili sasa. Hakuna kitu. Pauline anasema kama angekuja angeshakuja, mwanamume mwenye hasira hangoji. Nataka kumwamini. Stuart hakuwa na hasira ile ya Pauline, ya kurusha vyombo. Stuart alikuwa anapanga. Siku ya kidole alikuwa ameshafunga madirisha kwanza.

Lakini jana nililala hadi alfajiri bila kushtuka. Na leo jua lilitoka robo saa. Edie amepewa sehemu kwenye mchezo wa Krismasi: kondoo wa tatu. Ana neno moja la kusema na analisema kutwa nzima.

Jumatano, 19 Novemba

Siku njema, nashindwa hata kuiandika. Kondoo, kondoo, kondoo. Nimeshona masikio kwa soksi nyeupe.

Labda wiki ijayo nitarudi kunywa chai na Janine. Tutakwenda kwa basi!

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika ofisini kwa Bi Braithwaite, kwenye kiti cha watoto wanaougua. Daftari lilikuwa mkobani. Nisipoandika nitapiga mayowe, na madarasa yako hapo tu ukutani.

Janine alinipigia saa nane, nikiwa kwenye mashine ya kukaushia. Analia, sielewi, nikamwambia vuta pumzi, sema.

Jana hakuwa kazini. Kaunta ilikuwa na Trish. Trish ni mtu mwema, Janine alirudia mara tatu, Trish ni mtu mwema. Alikuwa anamsimulia leo wakati wa chakula, kama habari nzuri: kuna baba mmoja alipiga simu jana, kachangamka, kamchekesha kweli. Alipokea barua mbili. Ya kwanza faini. Ya pili inasema faini imefutwa kwa ombi la duka.

Kwa ombi la duka! Ile ya kufuta nayo ilikwenda kwake. Bila shaka ilikwenda kwake, kadi ni yake. Mimi nimecheza na chipsi na siki, kumbe nimemwandikia barua ya pili. Sasa anajua si kwamba nilipita tu. Anajua nina mtu pale.

Alitaka kushukuru. Mke wangu msahaulifu, alisema, kichwa kisingekuwa shingoni angekisahau nacho. Trish akacheka. Akaomba jina la mfanyakazi aliyesaidia ili atume maua. Trish hakulijua, meneja ndiye hufanya mambo hayo. Haya, akasema, basi maua yatakuwa ya wote. Halafu, wakati wa kuaga, kama mtu aliyekumbuka kitu: kwenye picha naona aliingia saa tisa na nusu, bila shaka alikuwa anatoka kumchukua binti yetu, ile shule ya ng'ambo ya barabara — wanatoka saa ngapi vile? Mimi safari zangu ni za mbali, huwa nasahau.

"Saa tisa na robo, kipenzi," Trish akamwambia.

Hakukuwa na ubaya. Kila mtu Workington anajua saa tisa na robo.

Na ni Alhamisi. Picha zile ni za Alhamisi.

Sikuvua hata aproni. Pauline alinirushia funguo za gari lake, la kwangu hata sikuligusa. Lake nimeliacha mtaa wa nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Bi Braithwaite aliniona usoni tu, akanyanyuka, akafunga komeo la mlango mkubwa, akapiga simu polisi kwa sauti ileile ya kuagiza chaki. Wako njiani. Ni wawili tu zamu hii, na wanatokea Maryport, mji wa jirani.

Edie hajui. Wako ukumbini na mwalimu wa muziki, nawasikia wanaimba, wanaanza mstari, wanakosea, wanaanza tena.

Saa tisa kasoro dakika nne.

Bi Braithwaite amevuta pazia, ameacha upenyo. Ameniomba nisimame pembeni nimwonyeshe. Magari yameanza kufika, kama kila siku. Wazazi wanageuza, wanapanda ukingo wa njia, wanazima taa. Mvua imeanza, vioo vina ukungu. Jekundu. La fedha. La fedha. Lile jeusi limesimama mbele ya supamaketi, injini inawaka, wipa zinakwenda.

"Lipi?" anauliza. "Anaendesha gari gani?"

Lile lenye jina lake ndilo nililoondoka nalo. Amenunua jingine, lazima, miezi sita hii. Sijui rangi. Sijui chochote. Namba zote naziona kutoka hapa, herufi kwa herufi, na hakuna ofisi nchi hii itakayonijibu mimi ni za nani.

"Heather, kipenzi. Lipi?"

Mlango wa lile jeusi unafunguka—